Chumba cha Sufi cha Bi Kuruthumu

Ilikuwa mwaka elfu mbili ishirini na nne. Hapana, nasema uongo. Ilikuwa ishirini na tano, mwezi wa pili, kwa sababu lile ghorofa la Kariakoo lilikuwa limeshaanguka, na mwaka lilioanguka ndio huo wa ishirini na nne. Nakumbuka vizuri maana watu walikuwa bado wanapita mitaani wakitazama juu kuliko mbele, wanagongana na wabeba mizigo, wanatukanwa. Kila ufa ukutani ulikuwa na mashahidi wake. Basi ni hiyo ishirini na tano, mwezi wa Shaabani, Ramadhani iko mlangoni, na lile joto la Dar ambalo jua likizama lenyewe halizami.

Mimi ni mtu wa kutembea. Kazi yangu ya bandarini iliisha zamani, nyumba ninayolala ni ya mkwe, na mtu mzima kukaa mchana kutwa kwenye nyumba ya mkwe si adabu. Asubuhi natoka. Naweza kuanzia Jangwani, nikafika Posta, nikarudi kwa Msimbazi, sina ninachokitafuta. Mchana likikaza najibanza kwenye kimeza cha Nasma, mama anayeuza maji baridi na juisi ya ukwaju mbele ya nyumba moja ya zamani, mtaa wa nyuma ya soko. Ni katika nyumba hiyo alikuwa anakaa Bi Kuruthumu, na ni habari zake ninazotaka kuziandika, maana watu wa namna yake wakiondoka hakuna anayeandika.

Bi Kuruthumu ni mtu wa Dar kwa asili, amezaliwa Gerezani, na mumewe, marehemu Bakili, ndiye aliyemfundisha kazi ya sufi. Kwa asiyejua, sufi ni ile pamba nyepesi inayotoka kwenye maganda ya msufi. Unaitoa mbegu, unaipiga kwa fimbo mpaka inaumuka, ndipo unaijaza kwenye mto. Siku hizi watu wanalalia sponji, lakini wako wanaosema sponji inachemsha kichwa, na karibu na mfungo wanawake wa Kariakoo hupenda kubadilisha mito. Shaabani ndio ulikuwa msimu wake.

Sasa sikiliza kazi yenyewe. Sufi haitaki upepo. Ukifungua dirisha wakati unaipiga, inaruka yote, inakwenda kwa majirani, inaingia kwenye vyungu vya watu. Feni ndiyo usiitaje kabisa. Kwa hiyo Bi Kuruthumu akianza kazi anafunga dirisha, anatia komeo la mlango kwa ndani, anachukua khanga kuukuu anaziba uwazi wa chini, anajifunga kitambaa puani, anapiga. Hivyo ndivyo walivyofanya yeye na Bakili miaka yote, na hawakudhurika. Ila miaka hiyo nyumba za jirani zilikuwa fupi. Sasa kushoto ghorofa, kulia ghorofa, ile nyumba imebaki katikati kama jino bovu. Upepo wa baharini unapita juu kwa wenye vioo, chini tunaachiwa joto la mashine zao za kupoza hewa.

Mwenye nyumba alikuwa Mzee Zayed, mtu wa asili ya Uarabuni, muuza tende na kamba. Alimwambia Bi Kuruthumu siku ya matanga ya Bakili, "Chumba hiki ni chako mpaka wewe mwenyewe ukichoke." Neno la mdomo. Zayed akafa. Nyumba ikawa ya watoto, na aliyekuwa pale ni Mazin, kijana wa thelathini na kitu, ana duka la makava ya simu kwenye chumba cha mbele. Mara zikaja kanda za kupimia, wakaja wanaume wenye kofia ngumu, wakasimama ukumbini wanatazama dari. Ikasemwa nyumba itavunjwa liinuliwe ghorofa, wapangaji wakaanza kuhama mmoja mmoja. Mtaa wa pili yuko mama alikwenda kuzika Bagamoyo, aliporudi akakuta kufuli si lake. Vitu vyake viko nje vimefunikwa turubai, vizuri tu, kwa heshima.

Habari hiyo ndiyo iliyomwingia Bi Kuruthumu moyoni. Tangu siku ile hakutoka. Sokoni anaagiza, harusini anatuma salamu, msibani anatuma mkono wa pole. Aliniambia mwenyewe, "Kaka Adamu, nikitoka kwenye mlango huu nimetoka duniani. Wananingoja hao."

"Nani, Mazin?"

"Mazin, dada zake, mjumbe wa mtaa, wote. Umeona anavyoniamkia siku hizi? Shikamoo bibi, umelalaje bibi. Baba yake hakuwahi kuniuliza nimelalaje. Mtu akianza kuuliza usingizi wako ana haja na kitanda chako."

Nikacheka. Lakini niliporudi kukaa nikamtazama Mazin, nikaona kweli, macho yake yalikuwa yanakwenda kwenye mlango wa ukumbini kila mara, hata akiwa na mteja.

Katikati ya mwezi, joto limekaza, akaja mwanamke mmoja na mwavuli na begi, amevaa sare ya zahanati. Akabisha hodi chumbani kwa Bi Kuruthumu. Mie nilikuwa nimekaa ukumbini natafuta ubaridi wa sakafu, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Naitwa Violeth, ni nesi wa zahanati hapo mtaa wa tatu. Tunapita kwa wazee kipindi hiki cha joto, tunaangalia wanaendeleaje."

"Nani kakwambia hapa kuna mzee?"

"Mjumbe."

"Na mjumbe kaambiwa na nani?"

Yule nesi akacheka kidogo. Hakujua kwamba hapo hapachekwi. Akatoa peni. "Bibi unaishi na nani humu?"

Nikasikia vitambaa vinakunjwa.

"Una presha? Unatumia dawa?"

Vitambaa vikakunjwa kwa nguvu zaidi.

"Hiki chumba kina madirisha mangapi? Yanafunguka? Na mchana huwa unatoka saa ngapi?"

Loo! Nikasikia ufagio. Violeth akatoka kinyumenyume, mwavuli mbele kama ngao, anasema, "Bibi, kunywa maji mengi tu, basi, na njoo upimwe, wazee wana dirisha lao, hawapangi foleni!" Sauti yake ikaishia barabarani.

Bi Kuruthumu akanitolea kichwa. "Umesikia? Umesikia mwenyewe? Sasa wanatuma wanawake. Anahesabu madirisha! Madirisha yanaumwa?"

"Huenda ni nesi kweli," nikasema.

"Nesi anauliza ninatoka saa ngapi? Mwizi ndiye anayeuliza hivyo."

Nami nikakaa nikaligeuza hilo swali kichwani, na nikaona kwamba hata mimi nisingependa kuulizwa. Tena nilipotoka nje nilimkuta Violeth amesimama dukani kwa Mazin, wanaongea kwa sauti ya chini. Waliponiona wakanyamaza. Violeth akanunua kava, akaenda zake.

Baada ya hapo kikaanza kichwa. Kila mchana Bi Kuruthumu kinamuuma, macho yanaona giza, miguu inakaza misuli. Mtu mwingine angesema ni jua. Yeye akasema ni maji. Maji ya kunywa alikuwa akiletewa na Nasma, jagi moja asubuhi na jingine mchana, kwa wema tu. Sasa akaanza kuyanusa.

"Haya yana ladha," akasema.

"Ladha ya nini?" Nasma akauliza, mkono kiunoni.

"Unajua wewe."

"Mie nikuwekee sumu, bibi, nipate nini? Mito?"

"Utapata fremu. Umeahidiwa fremu kwenye ghorofa, usinifiche. Kimeza chako hiki kitageuka duka."

Nasma akaondoka analia na kucheka pamoja. Lakini hakukana habari ya fremu, na mimi nililiona hilo, nikalinyamazia. Siku ya pili yake jagi likarudi lilivyokwenda. Bi Kuruthumu akawa anakunywa kikombe kimoja kwenye chai ya asubuhi, maji anayoyakinga mwenyewe bombani, basi.

Tena kulikuwa na sababu nyingine, ambayo niliijua baadaye. Choo kiko uani. Anayekunywa maji atakwenda choo, na anayekwenda choo anaacha mlango. Yule mama alikuwa anajikausha makusudi, apunguze safari za uani. Na dawa zake za presha, ambazo alikuwa anazimeza kila alfajiri bila kukosa, ni zile zinazotoa maji mwilini. Hebu fikiria: huku dawa inayatoa, huku yeye hayaingizi, chumba kimezibwa kwa khanga, na mtu anapiga sufi kwa fimbo, kitambaa puani, saa sita ya mchana, mwezi wa pili, Kariakoo.

Siku yenyewe nilikuwa kwenye kimeza cha Nasma. Joto lilikuwa la kufanya mtu ajisikie amevaa koti. Wapiga debe wa viatu walikuwa wamenyamaza, na hao hawanyamazi kwa jambo dogo. Mara Mazin akatoka ndani anakimbia, amevaa kandambili mguu mmoja.

"Babu, njoo! Bibi ameanguka!"

Tukaingia mbio, mimi na Nasma nyuma yake. Mlango umefungwa. Tukabisha, hakuna jibu. Mazin akarudi nyuma akaupiga kwa bega, mara ya kwanza, mara ya pili, komeo likang'oka na msumari wake. Hewa iliyotupiga usoni ilikuwa kama ya tanuri la mkate, na sufi ikaruka yote, ukumbi mzima ukawa mweupe. Bi Kuruthumu alikuwa chini, ubavu kwenye magunia, uso mwekundu, midomo imepasuka. Nilipomshika mkono nikaurudisha wangu. Alikuwa anaungua.

Akafungua macho, akaniita Bakili. Halafu akamwona Mazin, akili ikamrudia ghafla.

"Mmevunja," akasema. "Mmevunja mlango wangu."

"Bibi, twende zahanati," Mazin akasema.

"Sitoki."

"Utakufa, bibi."

"Nife humu. Nikitoka mtafunga."

Nikamwambia, "Bi Kuruthumu, mimi Adamu. Nitakaa hapa mlangoni mpaka urudi. Naapa."

Akanitazama sana. Mtu niliyekaa naye ukumbini miaka. Akasema, "Na wewe nani kakutuma? Kila siku unakaa hapa, huna biashara, huna mgonjwa. Unakaa unangoja nini?"

Liliniingia hilo, sisemi halikuniingia. Nasma akajisogeza, akakataliwa kwa mkono tu. Tukabaki tumesimama, sufi inatushukia vichwani, na yule mama pumzi inakwenda mbio kama ya kuku aliyefukuzwa. Nilidhani basi, tunamzika kesho.

Ndipo Bi Kuruthumu akainua kidole akamwelekeza Mazin. "Huyu," akasema. "Huyu aje na mimi. Akiwa mbele ya macho yangu hawezi kufunga mlango."

Mazin akageuka kutazama dukani kwake, makava yananing'inia, wateja wawili wamesimama, hakuna wa kumwachia. Akasema, "Haya, bibi." Akaondoka bila kufunga. Nasma akabaki kuchunga duka na chumba kwa pamoja, kwa hasira.

Tukampakia kwenye guta, lile baiskeli la mizigo la miguu mitatu, mwenye guta akashusha viroba vyake kwa hiari. Niliimwagia khanga yake maji ya kimeza cha Nasma, nikamfunika. Aliponusa akauliza, "Maji ya nani haya?" Nikamwambia ya bomba. Mungu anajua nia yangu.

Zahanati si mbali, ni mtaa wa tatu. Dirisha la wazee lipo kweli, limeandikwa kwa rangi, na hapakuwa na foleni. Kijana wa dirishani akauliza jina, akaambiwa. Akauliza mtaa.

"Wa nini?" Bi Kuruthumu akasema kutoka mabegani mwa Mazin.

"Tuandikishe, bibi."

"Andika Dar es Salaam."

Kijana akaangua kicheko, lakini sauti kutoka ndani ikasema, "Mwache huyo, mpitishe, tutaandika baadaye." Ni Violeth. Akamtazama mgonjwa, akasema, "Si wewe bibi uliyenipiga ufagio?" na huku mikono yake imeshaanza kazi. Akamlaza karibu na feni, akamlegeza nguo, akatia maji kwapani na shingoni. Akampima presha, sukari, malaria. Akamtundikia dripu. Mganga akaja, akamwinulia kope, akasema asipotulia upesi atapelekwa hospitali kubwa, gari liitwe likae tayari.

"We mjukuu," Violeth akamwambia Mazin, "usisimame. Lowesha khanga, mpepee."

Mazin akafungua mdomo aseme si mjukuu, akaufunga. Akaokota kipande cha boksi, akaanza kupepea. Kila mkono ukimchoka akitaka kukaa, Bi Kuruthumu anafungua jicho moja. Si kwa ugonjwa. Anahakikisha yupo.

Jicho hilo ndilo lililotuambia kwamba hafi. Alipopata nguvu za kukaa, Violeth akampa kikombe cha maji yenye chumvi na sukari. Akakitazama. Akampa Mazin. "Onja kwanza."

Mazin akanywa nusu.

"Ngoja kidogo," akasema, akamtazama Mazin usoni, tumboni, tena usoni. Ndipo akanywa.

Violeth akavuta kigoda. Alimuuliza taratibu habari za dawa, na choo, na maji, na mama akajibu lile na hili, ndipo nami nikayajua haya niliyokwisha kuwaambia. Akamwambia, "Bibi, hujalishwa kitu. Umepikwa. Mwili wa mtu mzima hausemi kiu mapema, ukingoja kiu umechelewa. Piga sufi alfajiri kabla jua halijapanda, mchana fungua dirisha ushone tu. Kunywa hata kama hutaki. Ukiona kichwa kinauma, giza machoni, misuli inakaza, usilale ukangoja, njoo hapa hapa. Na dawa yako ya presha mganga ataibadilisha. Mfungo ukija uje tuongee kwanza."

"Sasa ulihesabia nini madirisha?"

"Kwa sababu ya hili hili."

Bi Kuruthumu akamtazama, hakusema ameamini. Akauliza, "Na kule dukani ulikuwa unaongea nini na huyu?"

Violeth akamtazama Mazin. Mazin akawa anapepea kwa nguvu. "Nilinunua kava," Violeth akasema.

Jioni tukamrudisha. Chumba kilikuwa wazi, Nasma amekaa kizingitini, vitambaa vipo, magunia yapo, hata akiba yake ya chai ipo. Bi Kuruthumu akazunguka akagusa kila kitu, kisha akamwambia Mazin, "Komeo."

Mazin akaenda kununua komeo jipya akalipiga misumari mwenyewe. Bi Kuruthumu akalijaribu kwa ndani, akatoka, akalijaribu tena.

Mpaka naandika haya yuko pale pale. Alfajiri unasikia fimbo yake, mchana dirisha liko wazi, anashona na beseni la maji miguuni. Mwezi unapoanza anakwenda zahanati kupimwa presha, anapita dirisha la wazee, na kila akienda lazima Mazin amsindikize, afunge duka. Hataki mwingine. Watu wanasema wamependana kama bibi na mjukuu. Mimi nimewaona wakitembea, sijui kama ni mapenzi yale, anamwacha atangulie hatua moja ili amwone mgongo. Nyumba nayo haijavunjwa. Wenye kofia ngumu walikuja tena mara moja, wakaondoka. Dada zake Mazin hawasemi naye, nasikia.

Lakini mimi nilibaki na kitu, na mtu wa kutembea ana muda wa kufikiri. Siku moja nikamkuta Mazin peke yake dukani, nikamuuliza. Mlango siku ile ulikuwa na komeo kwa ndani. Dirisha limefungwa, chini kuna khanga. Dukani kuna redio, barabarani kuna kelele, na mtu akianguka juu ya magunia ya sufi hatoi mshindo. Kama Mazin alikuwa na tundu kwenye ukuta wa chumba kile, la kumchungulia amchunge asife, sawa. Kama lilikuwa la kuchungulia lini atatoka, hilo ni jingine. Sikumwambia haya yote. Nilimuuliza kwa upole tu, na yeye akainama akaanza kupanga makava yaliyokuwa yamepangika. Nikamuuliza Nasma, akanimiminia juisi. Nikamuuliza Violeth, akasema ana wagonjwa. Bi Kuruthumu mwenyewe sikuthubutu.

Mazin, baba, ulijuaje kwamba ameanguka?